Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa vipindi: sura ni ya Waturuki, sauti ni yetu

Kwa:
Wakurugenzi wa vipindi wa vituo vya televisheni vinavyorusha tamthilia za kihistoria za Kituruki kwa Kiswahili,
na wakuu wa studio zinazoingiza sauti.

YAH: KUBADILISHWA KWA WAHUSIKA WAKUU, SURA NA SAUTI, BILA TAARIFA KWA WATAZAMAJI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima na taadhima.

Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimeniishia. Nimepiga simu huduma kwa wateja. Nimetuma ujumbe kwenye ile namba ya WhatsApp inayopita chini ya skrini. Nimeandika barua yenye anwani na saini. Jibu pekee nililowahi kupewa na binadamu lilikuwa hili: "Mama, hiyo tamthilia ni ya Waturuki, sisi tunairusha tu." Kituo sikitaji. Nilipowauliza ndugu zangu wa Mombasa na Unguja nilikuta kilio ni kilekile, na sitaki mmoja abebe lawama huku wengine wamejificha mgongoni kwake.

Kwanza haki yenu niwape. Zamani dola ya Waosmani kwetu ilikuwa aya mbili kwenye kitabu cha historia. Leo watoto wa mtaani kwetu wanajua kwamba Sultani Süleyman aliamuru mwanawe Mustafa auawe mwaka 1553, na wanabishana kama alidanganywa au alijua alichokuwa anakifanya. Hilo mmelifanya nyinyi, pamoja na wasanii wetu wanaokaa mbele ya maikrofoni wakawafanya masultani waseme Kiswahili kilichonyooka. Nisingeithamini kazi hiyo nisingepoteza usiku kuiandikia barua.

Wala sipingi mwigizaji kubadilishwa. Tamthilia inayomfuata mtu tangu ujana hadi kaburini haina namna ya kuliepuka jambo hilo. Waingereza katika The Crown walilipanga tangu mwanzo: Claire Foy akawa Malkia Elizabeth kwa misimu miwili, yule binti aliyefikiwa na habari za kifo cha baba yake akiwa hapo jirani Kenya Februari 1952, baada yake akaja Olivia Colman kwa misimu miwili mingine, na mwisho Imelda Staunton. Walibadilika ukoo mzima kwa pamoja. Mume alianza kuwa Matt Smith, akawa Tobias Menzies, akawa Jonathan Pryce. Dada wa malkia naye hivyohivyo. Na mtazamaji alishaambiwa mapema kwamba mambo yatakwenda hivyo, kwa hiyo msimu wa tatu ulipofunguliwa mwaka 2019 hakuna aliyeuliza yule wa kwanza kaenda wapi.

Istanbul mambo hayaendi kwa utulivu huo, na huku kwetu ndiko yanakoharibika kabisa. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mnakata palepale mwigizaji anapompisha mwenzake.

Tuchukue kisa ambacho kila mpenzi wa tamthilia hizi anakijua. Muhteşem Yüzyıl, tamthilia ya huyo Sultani Süleyman, ilipoanza Uturuki Januari 2011, mkewe Hürrem alikuwa Meryem Uzerli, mzaliwa wa Kassel, Ujerumani. Kituruki chake kilikuwa na lafudhi ya ugenini, na kasoro hiyo ikageuka bahati, maana Hürrem wa historia naye alikuwa mgeni, mateka aliyetoka katika nchi ambayo leo ni Ukraine. Alicheka kwa sauti mahali ambapo wanawake wenzake waliinamisha vichwa. Kwa misimu mitatu huyo ndiye alikuwa Hürrem, na wengi wetu hatukuweza kumwazia mwingine.

Mei 2013 Uzerli akaondoka, akarudi Ujerumani, akasema amechoka kupita kiasi. Mimi simlaumu. Sehemu moja ya tamthilia ya Kituruki huenda dakika mia na zaidi, karibu urefu wa filamu nzima, na kila wiki nyingine lazima iwe tayari. Anayeumia kabla ya wote ni mhusika mkuu, kwa kuwa yumo karibu katika kila tukio.

Watayarishaji walikuwa na kazi. Kumuua Hürrem wasingeweza: historia inasema alifariki mwaka 1558, na sehemu kubwa ya misiba ya nyumba ya Süleyman ilikuwa bado mbele. Kwa hiyo Hürrem akatekwa, akapotea, akatafutwa, na aliporudi alikuwa Vahide Perçin, mwigizaji mkongwe anayemzidi Uzerli takriban miaka 18. Ugumu wake ni kwamba Süleyman alibaki Halit Ergenç yuleyule. Katika The Crown mume na mke walibadilika pamoja. Hapa mume aliyebaki na sura yake alimkumbatia mke tusiyemjua, na akatutaka tuamini kwamba anamjua.

Je, iliwezekana? Kwa maoni yangu, ndiyo, na nitagombana na shangazi zangu wote juu ya hili. Uzerli aliigiza msichana anayeshinda. Kilichobaki kwenye hadithi kilimtaka mama anayeogopa, kwa sababu katika nyumba ile mwana wa mfalme anayekosa kiti hakosi kiti tu, anakosa na roho. Perçin alikuwa na uso wa hofu hiyo, baridi na mzito. Kifo cha Mustafa kiliporushwa mwaka 2014, watu Uturuki walikwenda kumzuru kaburini kwake Bursa, karne nne na nusu baada ya kuzikwa. Tamthilia iliyokufa kwa sababu ya kubadilisha mwigizaji haiwezi kufanya hivyo.

Lakini ilipona kwa sababu mtazamaji alipitishwa hatua kwa hatua. Alimwona Hürrem akipotea, akawaona wanaomtafuta, akakaa na pengo lake, ndipo akaletewa sura mpya.

Sasa tazameni linalofanyika huku. Tunaelewa kwamba sehemu ndefu za Kituruki hukatwa vipande vya takriban dakika 45 ili ziuzwe nje. Tusichokielewa ni kituo kuchukua vipande hivyo na kuruka vingine ili kuwahi mpira. Katika tamthilia niliyokuwa naifuata, vilivyorukwa ni vya kuondoka kwa mhusika mkuu. Ijumaa tulimwacha mwanamke mmoja, Jumatatu tukamkuta mwingine amekaa chumbani mwake amevaa vito vyake, na kila mtu anamwita kwa jina lilelile. Mtaani ikaenea kwamba mwigizaji wa kwanza amefariki dunia. Watu walimwombea rehema mwanamke aliye hai, mzima wa afya.

Mkilazimika kukata, kateni ngoma za harusi. Kateni mbio za farasi, zile ndefu zisizofika. Msikate hapo.

2. Mnabadilisha sauti wakati sura haijabadilika.

Hili ndilo lililoniinua kitini.

Mturuki alipobadilishiwa Hürrem, alipoteza sura na sauti kwa mpigo. Hakuwa na pa kushika ila jina na mavazi. Sisi tunaotazama kwa Kiswahili tuna kitu ambacho yeye hakuwa nacho: Uzerli anaweza kuondoka, Perçin akaja, na dada aliyekaa studio akizungumza badala yao akabaki yuleyule. Sauti moja ikatutoa kwenye uso wa kwanza ikatufikisha kwenye uso wa pili. Hakuna mtayarishaji wa Istanbul mwenye uwezo huo. Nyinyi mnao, na mnautupa.

Mnautupa mara mbili. Sura ikibadilika huko, nanyi mnabadilisha sauti huku, kana kwamba ni sheria. Halafu hata sura isipobadilika, bado mnabadilisha. Sultani wa tamthilia niliyokuwa naifuata alilala na sauti nzito ya mzee wa baraza, akaamka na sauti ya kijana wa matangazo ya simu. Uso ni uleule, ndevu zilezile, kilemba kilekile. Nchi nzima ya Waosmani haikuona ajabu yoyote, ila sisi.

Mama mkwe wangu ana mtoto wa jicho. Kwake sultani ni sauti, na pasha ni sauti, na mama wa sultani ni ile sauti inayosemea puani. Jioni ile aliuliza, "Huyu nani tena anayemfokea pasha?" Nikamwambia ni sultani. Akasema, "Sultani namjua mimi." Hakuwa anatania. Na hayuko peke yake: kuna anayesikiliza akiwa jikoni, kuna fundi anayeshona huku mgongo wake uko kwenye televisheni, kuna mlinzi anayesikia kupitia dirishani. Tamthilia zenu nyingi husikilizwa zaidi kuliko zinavyotazamwa, na aliyezoea kuangalia takwimu za ving'amuzi hawezi kuliona hilo.

Linaloongeza mkanganyiko ni uchache wa wasanii. Pasha aliyenyongwa wiki iliyopita tunamsikia wiki hii anauza vitambaa sokoni. Hilo nalisamehe, hata linachekesha. Lakini mfanyabiashara wa vitambaa anaweza kuwa yeyote. Sultani hawezi.

3. Matangazo yenu yanamwita mtu ambaye hayupo.

Mwigizaji kaondoka, msimu mpya unakuja, na tangazo mnalolirusha kila saa lina sura yake ile ya zamani. Watu wanalipia kifurushi wakimsubiri. Mwenye duka angefanya hivi angeitwa tapeli. Sitasema zaidi.

4. Hamtuambii chochote, hata pale ambapo kusema kungewasaidia nyinyi wenyewe.

Wanaotengeneza tamthilia hizi wana namna mbalimbali za kushughulika na pengo la mhusika, na kila namna inahitaji maelezo yake. Katika Diriliş: Ertuğrul, iliyokwenda misimu mitano kati ya 2014 na 2019, Engin Altan Düzyatan alibaki Ertuğrul mwanzo hadi mwisho, lakini Esra Bilgiç, aliyekuwa mkewe Halime, alipoondoka, hawakumtafuta Halime mwingine, wakaona heri wamzike. Ilipokuja Kuruluş: Osman, hadithi ya mwanawe, wakamrudisha Ertuğrul msimu wa pili akiwa mzee, safari hii akiwa Tamer Yiğit. Wengi walikuwa wanamsubiri Düzyatan na walikasirika. Mimi niliona ni uamuzi wa heshima: babu anayekaribia kufa aigizwe na mzee kweli, badala ya kijana aliyepakwa unga kwenye ndevu.

Kwenye Kösem, mwendelezo wa Muhteşem Yüzyıl, ukiniuliza mimi, walizidisha. Sehemu 60 tu kati ya 2015 na 2017, na mwanamke mmoja akawa na sura tatu: Anastasia Tsilimpou akiwa binti, kisha Beren Saat, kisha Nurgül Yeşilçay msimu wa pili. Hujamaliza kumzoea huyu, anakuja huyu. Ndiyo tamthilia ambayo ingehitaji sauti moja ya Kiswahili kuliko zote.

Na kuna mtego mwingine unaowapata watazamaji wapya: Burak Özçivit aliyekuwa Bali Bey, askari wa Süleyman, ndiye huyohuyo Osman, babu wa ukoo aliyeishi zaidi ya miaka mia mbili kabla. Mpwa wangu aliniuliza kama Bali Bey amerudi nyuma ya wakati. Tangu 2025 hadithi ile imehamia kwa Orhan, mwana wa Osman, na mhusika mkuu ni Mert Yazıcıoğlu. Mtakapoileta, maswali yatakuja tena kwa wingi. Dakika moja kabla ya sehemu ya kwanza ingetosha: "Kuanzia leo, fulani ataigizwa na fulani. Miaka kadhaa imepita tangu tulipoishia." Msomaji wa taarifa ya habari anaweza kuisema bila mazoezi.

5. Majina ya wanaoingiza sauti hayaonekani.

Majina ya Waturuki yanapita, hadi ya fundi wa taa. Ya wasanii wetu hayapo, au yanapita kwa kasi ambayo hata kijana mwenye macho mazuri hayasomi. Kwa hiyo sauti ikitoweka hatujui hata tumuulizie nani.

Waheshimiwa, najua mtakavyojibu, kwa sababu baadhi ya majibu nimeshayasikia.

Mtasema tamthilia ni ya Waturuki. Sura ni ya Waturuki, nakubali. Sauti hamkuinunua Istanbul. Mliiajiri wenyewe, kwenye studio zenu, kwa mikataba yenu.

Mtasema msanii naye ni mtu: anaugua, anahama, anapata kazi yenye malipo bora. Ni kweli, na kama Uzerli alichoka, wa kwetu naye ana haki ya kuchoka. Ila kuna wakati wa kufanya mabadiliko. Kila tamthilia ya kihistoria ina mahali ambapo miaka inaruka: watoto wanakuwa watu wazima, ndevu zinapata mvi. Hapo ndipo sauti mpya inaweza kuingia bila kuumiza, hasa kwa mhusika aliyezeeka kama yule Ertuğrul wa Tamer Yiğit. Katikati ya wiki, katikati ya ugomvi wa sultani na pasha, siyo wakati.

Mtasema Watanzania na Wakenya tumezoea. Kwamba enzi za vibanda vya video Lufufu peke yake alikuwa sauti ya shujaa, ya adui na ya mama mzazi, na kwamba Kenya hadi leo DJ Afro anatosha. Mfano huo unanisaidia mimi. Tulimfuata Lufufu kwa sababu alikuwa Lufufu, leo na kesho. Waigizaji wa Hong Kong na wa India walibadilika kila filamu, sauti haikubadilika, na hakuna aliyepotea njia. Mngemuondoa katikati ya filamu mkamweka mtu mwingine, kibanda kingedai kiingilio chake.

Mtasema idadi ya watazamaji haijashuka. Nyumba nyingi zina kisimbuzi kimoja na hela ya kifurushi kimoja. Vijana wameshahamia kwenye simu, wanatazama kwa Kituruki na maandishi ya Kiingereza chini, na wanajua mwisho wa hadithi kabla yetu. Waliobaki kwenu ni wale ambao Kiswahili chenu ndicho kiliwaleta, na hao ndio mnaowaudhi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, mambo yafuatayo:

(a) Mhusika mkuu akibadilishwa mwigizaji na watayarishaji, sauti yake ya Kiswahili ibaki ileile, isipokuwa umri wa mhusika wenyewe umebadilika sana.

(b) Mkataba wa msanii anayebeba mhusika mkuu ufunike tamthilia nzima, na ulipwe kwa kadiri hiyo. Akilazimika kuondoka, mrithi aingie panaporuka miaka au mwanzoni mwa msimu, na atafutwe mwenye sauti ya kukaribiana.

(c) Vipande vyenye kuondoka au kurudi kwa mhusika mkuu visirukwe kwa sababu yoyote ya ratiba. Mpira ukiingiliana, tamthilia iahirishwe. Tutalalamika siku moja, tutasahau.

(d) Tangazo litolewe hewani kabla ya mabadiliko, kwa maneno, si kwa maandishi peke yake. Na picha za matangazo ziwe za mwigizaji aliyemo.

(e) Majina ya waingiza sauti yaandikwe mwisho wa kila sehemu, kila mmoja na mhusika wake, kwa mwendo unaosomeka.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji ruhusa ya Istanbul. Linalohitaji fedha ni (b), na hilo ndilo nategemea mtalikwepa. Basi anzeni na (d), ambalo halina gharama, ili tujue kwamba barua imefika.

Naomba majibu kabla ya msimu ujao kuanza kurushwa. Yakija kwa maandishi nitashukuru. Yakija hewani itakuwa bora zaidi, kwa sababu wengi ninaowasemea hawatazisoma karatasi zenu.

Wenu mtiifu katika kutazama na kusikiliza,

Mtazamaji,
Ngamiani, Tanga.